Gigabaiti Mia Tatu Zimekwenda Wapi?

Wiki iliyopita tulimwacha Mchokonozi kidole chake kikiwa juu ya kitufe, na mlango nyuma yake ukifunguka bila hodi. Nyinyi mlionitumia ujumbe wiki nzima mkiuliza amebonyeza au hakubonyeza, shusheni pumzi. Hakubonyeza.

Lakini aliyeingia alitaka abonyeze.

"Mbona unaitazama tu?" Meneja wa maabara alisema kutoka mlangoni. "Bonyeza, mama, tufanye kazi."

Kwenye kioo cha kompyuta maneno yalikuwa yaleyale. Una uhakika unataka kufuta vyote? Ndiyo. Hapana.

Kwa aliyelikosa gazeti lililopita, mambo yako hivi. Hapa ni maabara ya kupimia zege. Wajenzi huleta zege lao bichi limemiminwa kwenye viboksi vya chuma. Likishaganda huwa vipande vya pembe nne ambavyo kila mtu hapa anaviita kyubu. Kyubu hulala ndani ya maji siku ishirini na nane, kisha hutolewa siku ya Alhamisi, huwekwa chini ya mashine na kubanwa mpaka zipasuke. Namba iliyozipasua ndiyo nguvu ya zege, na namba hiyo huandikwa kwenye kompyuta. Sakafu ya ghorofa lazima ifike ishirini na tano. Chini ya hapo, mjenzi avunje aanze upya.

Aliyezivunja kyubu hizo kwa miaka thelathini na moja ni baba yake Mchokonozi. Jina alilopewa alipozaliwa hakuna anayelikumbuka kazini. Wote humwita Mzee Kyubu. Majuma mawili yaliyopita sakafu ya juu ya shule ya wasichana ilipasuka, mwalimu mmoja akaanguka nayo, akavunjika nyonga. Walikata kipande cha sakafu ile wakakipima mahali pengine, wakapata kumi na nne. Walipofungua kompyuta ya Mzee Kyubu, walikuta ishirini na sita.

Leo saa nane mchana kamati inakaa kumwamulia. Akionekana ameghushi, kazi hana na mahakama inamngoja. Na mzee mwenyewe, tangu siku ile, hajafungua kinywa kujitetea.

Binti yake hana kinywa cha kufunga. Alipokuwa mdogo alifungua redio ya nyumbani kwa kijiko kutafuta watu wanaozungumza ndani, na jina la Mchokonozi likamganda hadi leo, mwanamke mzima, fundi wa kompyuta, mke wa mtu.

"Sibonyezi," alisema.

"Una nini wewe?"

"Diski hii ina gigabaiti mia tano, Meneja. Nimehesabu faili zote zilizomo. Mia moja na themanini. Nafasi iliyobaki ni nane. Zilizobaki ziko wapi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Mia tatu na kumi na mbili! Hazionekani, na wala haziko wazi. Kuna kitu kimezikalia."

"Kikifutwa kitaondoka."

"Sifuti kitu nisichokijua."

Meneja alivuta pumzi. Si mtu mbaya, tumtendee haki. Ana haraka tu, na haraka yake ina sababu. Ndani ya beseni la maji kule nyuma kuna kyubu thelathini na sita ambazo leo hii zinatimiza siku ishirini na nane. Zisipovunjwa leo, kesho zina siku ishirini na tisa na hazifai kwa lolote. Na kompyuta imekataa katakata kupokea hata namba moja, kisa nafasi iliyobaki ni ndogo mno.

"Nakala za kila kitu ziko humu," alisema, akigonga kijiboksi cheusi kilichochomekwa pembeni ya kompyuta. Ni diski ya nje. "Uliileta wewe mwenyewe miezi sita iliyopita, ukatuhakikishia mashine hata ikiungua hatupotezi kitu. Au ulitudanganya?"

"Sikuwadanganya. Lakini nakala zilizomo humo zinasema ishirini na sita."

"Basi huenda ni ishirini na sita!"

Meneja mwenyewe aliona amezidisha. Akatazama saa yake.

"Saa sita kamili nakuja kubonyeza kwa mkono wangu. Sikutishi. Hiyo ndiyo ratiba."

Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

Mchokonozi hakuweza hata kukaa. Alifanya kazi amesimama, ameinama, kifuniko cha kalamu kinasagika katikati ya meno. Aliwinda virusi, hapakuwa na virusi. Alifungua pipa la taka la kompyuta, tupu. Akaamuru faili zote zilizofichwa zijitokeze, zikatokea chache, hafifu, hazijazi hata kiganja. Akahesabu upya. Mia moja na themanini. Akahesabu kwa njia nyingine kabisa. Mia moja na themanini.

"Wallahi unanichezea," aliiambia mashine.

"Nani anakuchezea?" Aliyeuliza ni karani wa maabara, ameingia na kikombe cha chai. Karani huyu ni wifi yake Mchokonozi, dada wa mumewe. Mzee Kyubu ndiye aliyembembelezea kazi hapa, na hilo wifi hajalisahau. Tangu mzee asimamishwe, amekuwa akimpelekea chakula kwenye benchi na kurudi na macho mekundu.

"Umeona nini?" wifi aliuliza.

"Sijaona kitu."

"Hata kidogo?"

"Wifi, ningekuwa nimeona ningekuwa nimekaa. Lile daftari liko wapi? Si nilikuomba uwe unaniandikia nafasi iliyobaki kila asubuhi?"

Wifi alitoa daftari kwenye droo. Mwandiko wake safi, kama wa mwalimu wa darasa la kwanza. Jumatatu, hamsini na sita. Jumanne, hamsini na sita. Jumatano vilevile, Alhamisi vilevile. Ijumaa, arobaini na nne.

Mchokonozi akafunua ukurasa. Wiki nzima arobaini na nne, halafu Ijumaa thelathini na mbili. Akafunua tena, kwa pupa, karatasi nusura ichanike. Ijumaa ishirini. Ijumaa nane.

"Kumi na mbili," alisema. "Kila wiki kumi na mbili, na ni siku moja tu. Wifi, kuna kitu kinakula hapa kila Alhamisi!"

"Leo Alhamisi," wifi alisema polepole.

Lakini alikuwa anaongea na kiti. Mchokonozi alishatoka.

Mzee Kyubu alikuwa kwenye benchi karibu na beseni, mikono mapajani, viatu vyake vya kazi vimepigwa rangi kana kwamba anakwenda harusini. Kila mtu mahali pale alikuwa hatulii. Meneja anakwenda na kurudi, kijana wa mashine anafuta chuma kilichokwisha kufutwa. Mzee peke yake ndiye aliyetulia, na kutulia kwake kulimtia binti yake hofu kuliko kelele zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Alhamisi mnafanya nini ambacho siku nyingine hamfanyi?"

"Tunavunja kyubu. Umesahau kazi ya baba yako?"

"Kuvunja hakuli nafasi. Namba ni kitu kidogo. Ni kitu gani kingine?"

"Hakuna."

Akapiga magoti mbele yake, hapohapo kwenye sakafu yenye maji.

"Baba. Zege la ile shule. Uliandika ngapi?"

Mzee aliangalia viatu vyake.

"Niliandika nilichokiona."

"Uliona ngapi?"

"Mwanangu, nenda nyumbani."

"Sema tu namba! Iseme mbele yao leo, mimi nitaitafutia ushahidi."

"Usitafute." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyechoka. "Wamesema wanaifuta mashine. Waache waifute. Ifuteni yote."

Mchokonozi alipigwa na butwaa. Meneja kutaka kufuta, sawa, ana kyubu zake majini. Lakini mzee huyu! Mtu anayezama, na anaomba kamba ikatwe! Alisimama, magoti yamelowa, na kwa mara ya kwanza tangu mkasa huu uanze alimtazama baba yake na kujiuliza swali ambalo hakulipenda.

Je, ikiwa kweli ameghushi?

Alirudi ndani mbio, kana kwamba swali lenyewe linamfukuza. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Alipofika mlangoni alimkuta wifi ameshika waya wa ile diski ya nje, na kabla hajatamka neno, wifi akauchomoa.

"Unafanya nini?"

Wifi aliruka. "Nimefanya nini? Leo si Alhamisi?"

"Alhamisi ndiyo nini?"

"Mashine ikianza kuvunja, meza yote inatikisika. Hata vikombe vinatembea. Mzee alisema siku ile ulipoileta, hii kitu ni yai, mwanangu kaniletea yai, haiwezi kukaa juu ya meza siku ya kuvunja. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi anaichomoa, anaifungia kwenye droo, Ijumaa anairudisha. Tangu asimamishwe, nafanya mimi."

"Kila Alhamisi?"

"Hajakosa hata moja. Unavyomjua."

Ndiyo, alimjua. Mzee huyu huifunga hata miwani yake kwenye kitambaa, kitambaa kwenye mfuko, mfuko kwenye boksi. Na hakumwambia mtu, kwa sababu nani anayetangaza kwamba amekitunza kitu?

Mchokonozi aligeukia kioo. Kwenye kompyuta kulikuwa na folda inayoitwa Nakala. Folda hiyo ilikuwa ni mlango tu wa kuingilia kwenye diski ya nje. Diski ikishachomolewa, folda ilitakiwa ibaki tupu.

Haikuwa tupu.

Zilikuwemo nakala hamsini na mbili, zimejipanga kutoka juu hadi chini, kila moja gigabaiti sita.

"Yesu na Maria na malaika wote," alinong'ona, na kisha akacheka kwa sauti, cheko la mtu aliyekuwa karibu kulia.

Msomaji wangu usiyejua kompyuta, usikimbie. Fikiria mkeka. Umeweka vitu sakafuni, kisha ukatandika mkeka juu yake. Ukiangalia chumba unaona mkeka, lakini vitu viko palepale chini, vimeshika nafasi yao. Kompyuta iliagizwa ipeleke nakala kwenye folda hiyo mara mbili kwa siku, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Siku diski ya nje ipo, nakala zilikwenda nje. Siku diski imefungiwa kwenye droo, kompyuta haikuuliza, ikaziweka ndani ya tumbo lake yenyewe, mahali palepale. Ijumaa mzee aliporudisha diski, mkeka ukatandikwa. Nakala za Alhamisi zikapotea machoni, zikaendelea kukaa. Alhamisi ishirini na sita, mara mbili, mara sita. Mia tatu na kumi na mbili kamili!

Na siku ya Alhamisi ndiyo siku ya kuvunja kyubu. Kila namba aliyoiandika mzee kwa miezi sita, siku ileile alipoiandika, ilikuwa imehifadhiwa mahali ambapo hakuna mkono uliojua kufika.

"Wifi! Alhamisi ya shule ni ipi?"

"Ya... ya tatu, mwezi juzi."

Alifungua nakala ya mchana ya siku ile. Kwa haraka alikosea mara mbili. Ukurasa ukafunguka. Shule ya wasichana, sakafu ya juu, kyubu tatu.

Kumi na nne. Kumi na tatu. Kumi na tano.

"Aliandika ukweli!" Mchokonozi alipiga kelele hadi kijana wa mashine akaacha kitambaa. "Baba aliandika ukweli! Kuna mtu amezibadilisha baadaye!"

Wifi alishika mgongo wa kiti, akakaa taratibu, akafunika uso kwa viganja. Mchokonozi alimkumbatia hapohapo, wakatikisika pamoja. Chai ilimwagika, hakuna aliyeijali.

Saa sita kamili Meneja aliingia na kidole chake tayari. Alisoma. Akasoma tena. Kidole kikarudi mfukoni.

"Chapisha," alisema. "Chapisha karatasi tano."

Mchokonozi alihamishia nakala chache za zamani kwenye diski yake mwenyewe, kompyuta ikapata pumzi, na kufikia saa saba kyubu ya kwanza ya siku ilipasuka kule nyuma kwa mshindo. Meneja alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Hata nami nilidhani hadithi yetu inaishia hapa, nikaanza kutafuta kofia yangu.

Saa nane.

Kamati ilikuwa ya watu watatu kwenye meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mhandisi, mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea na sauti isiyopanda. Meneja alikaa pembeni. Wifi, kama karani, alikaa mwisho wa meza na kalamu yake, ndiye anayeandika yote yanayosemwa. Mzee Kyubu alipewa kiti katikati, peke yake, kama mwali.

Mchokonozi alieleza. Alieleza mbio mbio, akarudia, akachora mkeka ubaoni. Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho, akaiweka karatasi mbele yake, akainyoosha.

"Kumi na nne, kumi na tatu, kumi na tano. Kwa hiyo mzee huyu aliandika sahihi."

"Ndiyo, mama mhandisi!"

"Hii ni nakala ya saa saba mchana."

"Ndiyo."

"Umesema kompyuta hutoa nakala mbili kwa siku. Ya jioni inasemaje?"

Mtu anayechokonoa kila kitu duniani, kwa furaha yake, hakuwa ameifungua nakala ya pili.

"Sijaitazama."

"Itazame sasa. Tuone sote."

Kompyuta yake ndogo, aliyobebea nakala za Alhamisi ile, iligeuzwa ielekee meza. Nakala ya jioni. Shule ya wasichana, sakafu ya juu.

Ishirini na sita. Ishirini na tano. Ishirini na saba.

"Kwa hiyo zilibadilishwa siku ileile," mwenyekiti alisema. "Hapo chini pameandikwa nini?"

Ilibidi asome mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe. "Imebadilishwa saa tisa na robo alasiri."

"Na nani?"

Mwenyekiti aliinama, akasoma jina la aliyekuwa ameingia kwenye mashine. Lilikuwa jina la Mzee Kyubu, lile la kuzaliwa.

Siku nzima Mchokonozi amechimba kumtoa baba yake shimoni, na sasa shimo limekuwa refu zaidi, na koleo liko mikononi mwake!

"Mashine ile huwa iko wazi," Meneja alijaribu. "Mzee huiwasha asubuhi, haifungi. Mtu yeyote anaweza kukaa."

"Mzee," mwenyekiti alisema kwa upole, "wakati unavunja kule nyuma, kuna mtu mwingine anayekalia kiti chako?"

Mzee Kyubu alisimama. Alinyoosha shati.

"Hakuna. Ni mimi. Mchana niliandika ukweli, alasiri nikaandika uongo. Andikeni hivyo mumalize, watu wana kazi."

"Anadanganya!" Mchokonozi aliruka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mama mhandisi, mzee huyu hajui hata kubadilisha namba ikishahifadhiwa! Kila akikosea huniita mimi! Miezi sita ananipigia simu, mwanangu njoo, nimekosea tena! Baba, mwambie!"

"Kaa chini."

"Sikai! Kwa nini unajibebesha mzigo wa watu?"

"Kaa chini, mwanangu," mzee alisema, na hapo sauti yake ikapasuka. "Nilikuona."

Mshindo wa mashine kule nyuma ulisikika kama uko chini ya meza.

"Ulimwona nani?"

"Wewe. Saa tisa. Nilikuja kuchukua glovu, nikachungulia kioo cha mlango. Umekaa kwenye kiti changu umenipa mgongo, na lile koti lako la bluu, unaandika. Nikasema ah, mwanangu amekuja kunirekebishia mashine. Nikarudi kazini na furaha yangu. Sakafu ilipopasuka, walipofungua kompyuta, ndipo nikaelewa ulichokuwa unaandika."

Majuma mawili. Majuma mawili mzee huyu amekaa kwenye benchi, amefunga mdomo, tayari kwenda jela, kwa sababu aliamini ni binti yake.

"Baba, ungeniuliza! Ungeniuliza tu!"

"Nikuulize?" Machozi yalikuwa yanamshuka mzee na hakuyafuta. "Ukiniambia ndiyo, ningeishi vipi?"

Meneja aliangalia dirishani. Mwenyekiti alivua miwani.

"Binti," alisema, "hili sasa ni swali lako. Alhamisi ile saa tisa ulikuwa wapi?"

"Kiwanda cha sabuni, nafunga waya za ofisi yao mpya. Tangu asubuhi mpaka jua linazama. Kitabu chao cha wageni kina sahihi yangu ya kuingia na kutoka, pigeni simu sasa hivi." Akamgeukia mzee. "Baba, siku ile sikukanyaga hapa. Wallahi sikukanyaga."

"Koti lako nalijua."

"Koti sikuwa nalo! Nililisahau hapahapa Jumatatu, nikaliacha limetundikwa nyuma ya mlango. Nilikuja kulichukua Ijumaa, na sikulikuta mlangoni, nililikuta..."

Alilikuta limefuliwa. Limepigwa pasi, limekunjwa vizuri, limewekwa kwenye mfuko wa plastiki. Alicheka siku ile, akamwambia aliyemkabidhi, umejisumbua bure, vumbi la zege haliishi. Alimshukuru. Alimbusu shavuni.

Taratibu sana aligeuza kichwa kuelekea mwisho wa meza.

Kalamu ya wifi ilikuwa imesimama. Karatasi iliyokuwa mbele yake ilikuwa na maneno yote ya kikao, mwandiko safi kama wa mwalimu, mpaka pale mzee aliposema nilikuona. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

"Wifi?" Mchokonozi alisema.

"Sikujua ni uongo," wifi alisema. Hakumtazama mtu. "Nilipewa kikaratasi chenye namba tatu. Nikaambiwa mzee amezikosea, macho yake yamechoka, zirekebishwe kimyakimya asije akaaibika mbele ya Meneja. Nikavaa koti nisichafuke. Nilidhani namsaidia mzee."

"Ulipewa na nani?" mwenyekiti aliuliza.

Wifi alifunika uso, kama alivyoufunika mchana ule, na Mchokonozi sasa akaelewa kwamba mchana ule haikuwa furaha.

"Sema, mama. Na nani?"

"Na kaka."

Mwenyekiti aliwageukia wengine kuuliza kaka ni nani, lakini Mchokonozi hakuhitaji kuambiwa. Asubuhi ya leo alikuwa amemmiminia chai, naye, Mchokonozi alipokuwa anatoka, alimshika mkono mlangoni akamwambia amsalimie mzee, na asichoke kutafuta.

Wifi ana kaka mmoja tu.